Mtungi Umechacha

Hivi wewe unaweza kukaa na hasira siku ngapi bila kuisema? Siku mbili? Wiki? Basi sikia habari za mwanamke aliyekaa na yake wiki saba nzima. Aliamka nayo, akaichemshia chai, akaifulia mashati, akaitandikia kitanda, na yule aliyemkasirikia alikuwa anakula mezani pake kila mchana na kusema, asante mama, leo mchuzi umekolea.

Majirani walimwita Mama Siki, na jina hilo lilimwingia kwa sababu ya mtungi. Ulikuwa mtungi wa udongo wenye tumbo la kutosha ndoo moja na nusu, umepakwa rangi ya kung'aa kwa nje tu, ndani udongo mtupu. Ulikaa kwenye kona ya jiko, juu ya kigoda, mahali ambapo jua la asubuhi halifiki lakini joto lake linafika. Mdomoni ulifungwa kitambaa cheupe chembamba kwa uzi. Si kifuniko, kitambaa. Siki inataka kupumua, ukiiziba inakufa.

Hayo hakufundishwa na mtu, aliyajua kwa kuharibu. Miaka kumi na tisa nyuma alikuwa na maganda ya nanasi mengi na roho ya kutotupa kitu. Akayatia kwenye galoni la plastiki pamoja na sukari na maji, akakaza kifuniko kwa nguvu zake zote. Siku ya nne galoni lilivimba tumbo. Siku ya tano lilipasuka, maganda yakaruka mpaka darini. Mara ya pili alitia hamira ya mkate, upawa mzima, akapata kinywaji chenye ladha ya unga mbichi. Mara ya tatu vijinzi viliingia vikazaa humo humo. Mara ya nne alitumia mtungi, akafunika kwa kitambaa, akaacha. Kwanza kinywaji kilichemka polepole bila moto, povu juu, kikawa pombe. Yeye pombe hakuihitaji, akaendelea kuacha. Wiki ya tano ulevi ulitoka, ukali ukaingia, na juu yake ukaota utando, ngozi laini ya rangi ya maziwa, nene, yenye kuteleza, imelala kwenye siki kama sahani ya mpira.

Ule utando ndio uliokuwa ukifanya kazi. Aliligundua hilo kwa kuukata kipande na kukitia kwenye chupa nyingine, na ile chupa nayo ikageuka siki nusu ya muda. Tangu siku hiyo hakuutoa tena mtungini. Aliuita Bi Mkubwa, kwa sababu ulikaa juu, haukupenda kusumbuliwa, na kila kilichokuja chini yake ulikinyoosha. Jirani yake wa ukuta mmoja alikuwa akimtania, "Kwa hiyo wewe mwenzetu una mke mwenza ndani ya mtungi." Naye hujibu, "Tena huyu hana maneno, na anafanya kazi kuliko mimi."

Siki ikiwa tayari, alikuwa anasema, "Leo natoa." Maana yake anachota theluthi mbili, anachuja, anajaza chupa, kisha anaongeza maji mapya ya nanasi chini ya Bi Mkubwa bila kumtikisa. Na kabla ya kutoa alionja kwa ncha ya kijiko, akisikia imefika husema, "Imechacha." Kwa watu wengine wote, kilichochacha ni cha kumwaga, iwe maharage, iwe wali, iwe maziwa. Kwake yeye lilikuwa neno la sifa. Aliliandika hata kwenye daftari lake la mistari, tarehe kushoto na kulia imechacha, ukurasa baada ya ukurasa.

Mume wake, Fundi, alikuwa mchomeleaji wa vyuma kwenye karakana ya mabasi. Miaka thelathini na sita alitoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi, akarudi jioni ananuka moto. Katikati ya hapo nyumba ilikuwa ya Mama Siki. Alipika akiimba, au akinuna, kadiri roho ilivyomtuma. Akipenda alikaa kwenye kigoda na kahawa yake akautazama ukuta, na hakuna aliyemuuliza ukuta una nini.

Kisha Fundi akastaafu. Mwezi wa kwanza alitengeneza kila kilichoharibika, mlango, bomba, mguu wa kitanda. Mwezi wa pili vilivyoharibika vikaisha, akaanza kutengeneza vizima. Alipanga sufuria kwa ukubwa, kubwa chini ndogo juu, hivyo kuipata ya chai ni lazima uitambue kwa sauti ya kuanguka. Alihamisha chumvi. Alitundika visu kwenye chuma alichokichomelea mwenyewe, kimo cha mtu mrefu kama yeye. Akimaliza anavuta kiti anakaa katikati ya jiko na swali lake la siku.

"Hivi mama, kitunguu unakianzia kichwani au mkiani?"

"Ninakianzia nilipokishika."

"Ungekianzia mkiani usingelia."

"Silii kwa sababu ya kitunguu, baba watoto."

Fundi alicheka, akadhani ni utani.

Maneno ya kumwambia yalikuwepo tangu huo mwezi wa pili. Alitaka jiko lake, alitaka asubuhi zake. Lakini hebu niambie, unamwambiaje mtu aliyechoma macho miaka thelathini na sita ili kuijenga nyumba kwamba unamtaka atoke ndani yake? Utaanzia wapi hata usionekane huna utu? Kila yalipofika kwenye ulimi aliyameza, akageukia kona, akaonja siki yake. Kitu kimoja tu humo ndani kilikuwa bado hakijaguswa na Fundi, nacho ni ule mtungi.

Mwaka wa kwanza wa kustaafu ukaisha, ndipo Fundi akaingiwa na divai. Rafiki yake, aliyekuwa storekipa kwenye ile karakana, alimwonjesha glasi moja iliyotengenezwa na wifi yake nyumbani, na Fundi akarudi macho yanang'aa. Akanunua zabibu, sukari na hamira. Chupa za kwanza alizivisha puto mdomoni na kuziweka chini ya kitanda. Puto zikavimba kama vichwa vya watoto, zikapasuka wakiwa wamelala mchana, Mama Siki akaruka akidhani ni bomba la gesi. Chupa za pili zilikuwa na ladha ya mkate.

"Hamira umetia nyingi," alimwambia. Alikuwa hajakasirika bado, alikuwa anafundisha. "Kijiko cha chai kinatosha. Na hewa isiingie. Divai inataka kufungiwa, siki ndiyo inataka uwazi. Hivyo viwili havikai pamoja."

Fundi alisikiliza vizuri. Baada ya siku tatu alikuwa anamfundisha yeye.

"Sasa nimeelewa," alisema mezani, kijiko kikiwa hewani. "Kumbe siki yako ni divai iliyoharibika. Basi. Ndiyo siri yote."

Mama Siki aliondoa sahani ambayo haikuwa imekwisha. Jibu lilimjia akiwa kwenye sinki, kwamba divai ni siki ambayo haijamaliza kazi, lakini kwenye sinki hakuna wa kumjibu.

Basi dada yake akafanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, Mama Siki akaenda kumuuguza siku tisa. Siku ya sita simu ililia.

"Mama, huu mtungi wako umechacha."

"Umechacha?" Alifurahi. Alikuwa ameongeza maji ya nanasi wiki tatu nyuma na alikuwa akikisia.

"Umechacha kabisa. Harufu imejaa jiko zima, sikai."

"Basi toa, isije ikapitiliza."

"Nitoe?"

"Toa, baba watoto. Nesi huyo anakuja na dawa ya jicho, tutaongea."

Akakata simu. Akamwambia dada yake, mwenye jicho moja limefungwa bandeji, kwamba huyu mtu hatimaye amejifunza. Dada alisema, "Wa kwako alijifunza lini?" lakini Mama Siki hakutilia maanani.

Aliporudi hakutua hata mfuko. Kitambaa hakikuwepo. Mdomo wa mtungi ulikuwa umezibwa kwa ubao wa duara uliokatwa kwa ufundi mkubwa, ukingo wake umepakwa nta, na katikati tundu lenye mpira mwembamba. Mpira uliinama ukaingia kwenye chupa ya soda yenye maji, na maji yalikuwa yanasema, bwi, bwi, bwi. Fundi alisimama kando yake kama bwana harusi.

"Karibu nyumbani. Njoo usikilize divai inavyopumua."

"Bi Mkubwa yuko wapi?"

"Nani?"

"Kilichokuwa juu. Ile ngozi."

"Ule ukungu? Nimeutupa nyuma. Ulikuwa mkubwa, mama, nilishtuka. Kumbe siku zote tunakula vitu vya namna ile."

Alitoka mlango wa nyuma. Shimo la taka lilikuwa limemwagiwa majivu juu. Alichokora kwa kijiti akampata chini ya maganda ya mayai, amekauka, amekunjamana, rangi ya soli ya kiatu kikuukuu, na sisimizi wamepanga mstari juu yake. Alimgusa kwa kidole. Alikuwa mgumu. Na siki yenyewe ilikuwa imekwenda na maji ya mfereji siku tatu kabla.

"Si ulisema nitoe?" Fundi alikuwa amemfuata, mikono kiunoni. "Nilikuuliza mara mbili. Nikasema nitoe? Ukasema toa. Sasa umenuna nini?"

Na kwa kweli alikuwa amesema. Hapo ndipo hasira ilipomkaba, kwa sababu ilikosa mlango wa kutokea. Akipiga kelele ataambiwa si wewe uliyesema. Akilia, ataambiwa ni ukungu tu. Alinawa mikono, akavaa kanga ya jikoni, akakata vitunguu sita kwa mchuzi uliohitaji viwili.

Fundi hakuwa mtu mbaya, na hilo lilizidi kumchoma. Alimnunulia chupa mbili za siki ya dukani, nyeupe, yenye picha ya tufaha, akaziweka mezani. Alimletea mtungi mpya, wa plastiki, mwepesi. "Huu hauvunjiki," alisema. Mama Siki alitia mkaa ndani yake.

Sasa kuna jambo alilolijua ambalo mumewe hakulijua. Udongo unakunywa. Miaka kumi na tisa ya siki ilikuwa imeingia ndani ya kuta za mtungi ule, na sabuni ya Fundi ilipita juu juu tu. Divai ingeweza kuokoka kama mtungi ungebaki umezibwa, lakini Fundi hakuwa mtu wa kuacha kitu kimezibwa. Kila asubuhi, chai ikishashuka, alikwangua nta, akainua ubao, akachungulia, akachovya kijiko, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaziba tena. Kila asubuhi alikuwa anaingiza hewa pale pale ambapo siki ilikuwa inaingoja.

Neno moja lingetosha, usifungue. Alilikalia. Aliosha vyombo amempa mgongo, akisikia kisu kikikwangua nta, na kila mkwaruzo ulimpa raha mbaya, raha ya kukuna kidonda. Akijionea aibu alikumbuka sisimizi, aibu inaondoka.

Wiki ya nne maji ya chupa yalinyamaza. Wiki ya tano alianza kuunusa ule ukali alioujua kama anavyojua sauti ya mwanawe. Fundi bado anachovya kijiko, anaramba, anasema, "Inakomaa. Ina ukali wa ujana, utaisha." Ukizoea kuonja kidogo kidogo kila siku, hujui kitu kimebadilika lini.

Halafu ikaja siku ya maharage.

Alikuwa ameyaweka jikoni akatoka kuanika shuka. Fundi alikuwa kwenye kiti chake, hatua mbili kutoka kwenye moto, anasoma gazeti. Mama Siki akiwa uani, pini ya kuanikia mdomoni, alisikia harufu ya kuungua. Hata jirani aliisikia, akapaza sauti ukutani, "Mama Siki, unaunguza." Alikimbia. Jiko lilikuwa na moshi, sufuria imegeuka nyeusi, na Fundi ndiyo kwanza anainua macho kutoka kwenye gazeti.

"Kuna nini?" aliuliza.

Alisimama na sufuria mkononi, inamchoma kupitia kitambaa, na hakuitua. Miaka thelathini na sita ya moshi wa chuma. Mtu huyu hakunusa gesi ilipovuja mwaka juzi. Hakunusa panya aliyekufa nyuma ya kabati mpaka mkwe wao alipokuja na kuziba pua. Na mtu huyu ndiye aliyempigia simu kwa dada yake kumwambia harufu ya mtungi imejaa jiko zima, hakai.

Hakuwa amenusa kitu. Alitaka mtungi.

Usimuulize alipitisha vipi siku zilizobaki. Alichachamaa ndani kwa ndani hadi kucha zilimuuma. Alijibu kwa neno moja moja, na Fundi akamwambia binti yao kwenye simu kwamba mama yako amechoka, labda ni presha.

Jumapili ya wiki ya saba, saa tisa alasiri, Fundi alialika marafiki wawili wa karakana, Storekipa na Mpaka Rangi. Alitandika kitambaa mezani, akapanga glasi nne, akavaa shati la kwenda harusini. Aliichuja mwenyewe mbele yao, na kwa rangi ilipendeza kweli, nyekundu iliyotulia.

"Shemeji, njoo ukae," Storekipa alisema. "Usijifiche jikoni kama tumekuja kukuposa."

"Nipo hapa hapa, shemeji. Nawatazama."

Mpaka Rangi alionja kwanza. Midomo yake ilijikusanya kama mdomo wa mfuko unaovutwa kamba. Storekipa akapiga funda la kiume, jicho moja likajifumba lenyewe.

"Fundi," alisema polepole. "Hii ni ya kunywa, au unataka tukusaidie kusafishia betri?"

"Usimwonee," Mpaka Rangi akasema, machozi yakimtoka. "Divai ni nzuri. Imekosa tu kitunguu, nyanya, na chumvi kidogo."

Walicheka mpaka meza ikatikisika. Fundi alijaza glasi yake tele, akainywa nusu kwa mkupuo, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki saba akasikia alichokuwa akikionja. Hakucheka. Wale wawili waliona uso wake, wakakumbuka kila mmoja ana safari, wakaaga. Mlangoni Storekipa alimnong'oneza Mama Siki, "Shemeji, nitakuja na chupa. Mke wangu anaulizia sana siki yako, na hiyo ni kali kuliko zote."

Mlango ukafungwa.

"Ulijua," Fundi alisema.

"Nilijua tangu wiki ya kwanza."

"Kila siku unaniona nafungua."

"Kila siku."

"Na hukusema neno. Umeniacha nivae shati, nialike watu, nidhalilike ndani ya nyumba yangu." Sauti yake ilipanda. "Hiyo ni roho mbaya, mama watoto. Mimi nilikosea kwa kutojua. Wewe umekosa kwa makusudi."

Mama Siki alivuta kiti, kile kile cha katikati ya jiko, akakaa yeye.

"Siku ile ulipopiga simu ulinusa nini?"

"Simu gani?"

"Ya kwa dada. Ulisema harufu imejaa jiko zima. Wewe ambaye maharage yameungua mbele ya goti lako. Ulinusa nini?"

Fundi alishika glasi, akaiweka. Aliitazama kona, aliutazama mlango.

"Chupa zilikuwa ndogo," alisema mwishoni. "Nilihitaji kitu kikubwa. Nilijua nikikuomba utakataa."

"Ningekataa."

"Basi ndiyo hivyo."

"Kwa hiyo ukanivizia niseme toa."

"Sikukuvizia. Nilisema umechacha, ukafurahi, nikaona..." Alijipangusa uso kwa kiganja. "Nilijua ulimaanisha kitu kingine. Nikajifanya sijui. Haya, nimesema. Umeridhika?"

Hakuridhika. Alidhani akilisikia hilo atapoa, kumbe hasira ilikaa pale pale, imesimama imara, kama mtu aliyekuwa akisubiri mzigo wa mwenzake utoke njiani ili apite. Bi Mkubwa hakuwa kiini chake. Hata uongo haukuwa kiini chake.

Fundi aliuona uso wake, akajaribu upande mwingine, kwa ile sauti ya mtu anayetengeneza bomba.

"Sikiliza, hasara haipo. Mtungi umejaa siki, ni yako yote, utando utaota mwingine. Divai sitengenezi tena, naapa. Visu nitavishusha. Chumvi nitairudisha. Sasa unataka nini kingine? Maana unaninunia wiki saba, mimi si mganga, siwezi kupiga bao. Unataka nini, mama? Sema."

Alikuwa amemuuliza, na hapakuwa na kitunguu cha kukata wala chombo cha kuosha. Alipozungumza, sauti yake haikupanda.

"Nataka asubuhi zangu," alisema. "Ukishakunywa chai utoke, na mguu wako usikanyage hapa mpaka saa sita. Siulizi unakwenda wapi. Nenda karakanani ukawakosoe wanaochomelea vibaya, nenda kwa Storekipa mkagombane, kaa kituoni utazame mabasi uliyoyaunga. Miaka thelathini na sita nilikuwa na asubuhi, ukaja ukaketi juu yake na wala hujui umekalia kitu. Sikuchukii. Mchana rudi, nitakupakulia, tutaongea. Lakini asubuhi sitaki kuulizwa kitunguu kinaanzia wapi. Sitaki kuulizwa chochote. Nataka kuwa peke yangu ndani ya nyumba hii, baba watoto, kila siku, na nimelitaka hilo tangu mwezi wa pili."